Tulichezea Kibaraza

Kwa miaka sita nilishona nguo kwenye kibaraza cha duka moja mjini Busia, upande wa Kenya, mahali ambapo mtu akipiga chafya kwa nguvu alisikika Uganda. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Mpakani palikuwa na mti uliolazwa barabarani na askari wawili wa kuuinua na kuushusha, na magari yaliyongoja hapo ndiyo yaliyonilisha. Dereva akikaa ndani ya lori kutoka Mombasa hadi Busia, suruali yake hupasuka mahali pamoja tu, na mahali hapo nilipajua kuliko alivyopajua yeye mwenyewe. Halafu walikuwapo akina mama wa ng'ambo, waliokuja kushonewa gomesi, lile vazi lao refu lenye mabega yaliyochongoka. Fundi wa gomesi hapatikani kila mahali, na mimi sikuwa mtu wa kulificha jambo hilo.

Kibaraza chenyewe hakikuwa cha kujivunia. Simenti iliyopasuka, nguzo mbili, mabati juu. Kilitosha cherehani moja, kiti changu, na mteja mmoja aliyesimama akipimwa huku amebana tumbo. Siku zile kila duka lilikuwa na fundi wake kibarazani, na desturi ilikuwa rahisi: fundi hulitazama duka mwenyewe akienda kuswali, hununua uzi na vitambaa humo humo, na mteja anayekuja kuwekewa kiraka huondoka pia na kibiriti na sukari. Hakukuwa na karatasi wala sahihi. Siku mwenye duka akisema, "Fundi, nahitaji nafasi yangu," unabeba cherehani yako na kwenda zako.

Mwenye duka wangu alikuwa Mwislamu mtaratibu, mwenye kitambi cha heshima na ndevu chache alizozihesabu kwa vidole kila alipofikiri. Babu yake alitoka pwani na msafara wa biashara, akaumwa miguu alipofika huku kwetu, msafara ukaendelea, yeye akabaki. Babu huyo alimwachia mjukuu wake vitu viwili: duka na sataranji. Duka alilipenda. Sataranji aliiheshimu.

Sisi wengine tulikuwa watu wa drafti. Mimi nilikuwa bingwa wa Burumba, mtaa wetu pale Busia, na hayo si majivuno, waulizeni walio hai. Drafti haina makuu: ubao wa miraba, vifuniko vya soda, na kelele. Unakula kete za mwenzako mpaka ziishe, au unamfungia njia zote asiweze kusogea, basi amekufa, ainuke mwingine akae. Sheria hiyo mtoto wa Burumba aliijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake.

Sataranji inachezwa kwenye ubao ule ule, ila watu wake wana vyeo. Kuna askari wanaotambaa mbele chumba kimoja kimoja, kuna farasi, ndovu na ngome, na kuna waziri mwenye mbio kuliko wote. Na kuna mfalme, mzito kama mgonjwa, anayejikokota hatua moja tu. Lakini mchezo wote ni yeye. Ukimpiga pale alipo akose pa kukimbilia, umeshinda, hata kama jeshi lake lote lingali limesimama. Jeshi la yule babu lilikuwa limechakaa. Ndovu mmoja alikuwa amepotea, mahali pake pakawekwa kigurudumu cha uzi, na waziri mweusi alikuwa kastabini yangu kuukuu ya kushonea.

Mwenye duka alinifunza kwa sababu hakuwa na mtu mwingine. Alipata tabu. Kila mara nilitaka kuruka juu ya askari wake niwale, naye kila mara alinishika mkono kwa upole na kusema, "Fundi, hapa haturuki. Hapa tunafikiri." Neno hilo liliniudhi mwaka mzima, na mwaka huo wote alinishinda. Sikumshinda hata mara moja, hata siku aliyokuwa na homa.

Sasa, alasiri moja, alitoka dukani akasimama karibu yangu bila ubao. Akahesabu ndevu. Akatazama barabara. Akahesabu tena.

"Fundi," akasema, "nina neno, lakini sijui kichwa chake kiko wapi."

"Anzia mkiani, mzee."

"Shemeji yangu anakuja mwisho wa mwezi. Ndugu yake mama." Mama ndiye mkewe, mwanamke wa ng'ambo mwenye sauti iliyoweza kuita watu kutoka kwenye mti wa mpakani. "Ni fundi," akaongeza. "Ana cherehani yake."

Nilikuwa napindua ukosi wa shati. Nikakanyaga pedali kwa nguvu, sindano ikavunjika. Nilimwambia maneno mengi siku ile, na sitayaandika yote kwa kuwa wajukuu wangu wanasoma. Nilimkumbusha miaka sita. Nilimkumbusha mwizi niliyemkimbiza na mkasi mpaka karibu na Uganda. Nilimwuliza kama shemeji huyo anajua hata gomesi ina vifungo vingapi. Mzee alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Yote ni kweli," akasema. "Nikikwambia ondoka, nitakuwa nimekudhulumu. Nikimwambia mama hapana, nitakula chakula baridi mpaka niingie kaburini. Sasa mimi nimefikiri hivi. Tucheze. Ukinishinda, unakaa hapa, na mama nitamwambia ni ahadi niliyoiweka mbele za watu. Nikikushinda, unaondoka bila maneno."

Mtu mwenye akili angekataa. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira hasara. Nikakubali, tukapeana mikono, tukapanga Jumapili.

Niliporudi kulala ndipo nikakumbuka kwamba sijawahi kumshinda.

Kesho yake nikaazima baiskeli nikaenda Malaba, kutafuta kibaraza cha akiba. Niliwaza, Malaba kuna reli, kuna malori, kuna mawakala wa forodha wanaopenda suruali zenye mikunjo, nafasi haitakosekana. Nilizunguka mchana kutwa. Kila kibaraza kilikuwa na fundi wake, na pale pasipokuwa na fundi palikuwa na fundi baiskeli, au mkaa, au mbuzi. Mahali pamoja nilimkuta fundi mzee ameinamia cherehani yake bila kutikisika, nzi wanamtembelea shingoni. Nilisimama nikamtazama nikitumaini amekufa, Mungu anisamehe. Akafungua jicho moja akaniuliza nataka kifungo cha aina gani.

Kwetu ni Moding. Huko nilikuwa na kaka watatu juu ya shamba moja, na wake zao walikuwa wameshaanza kugawana miti ya ua. Tena watu wa Moding wakati ule walishona nguo Krismasi kwa Krismasi. Nilirudi Busia miguu ikiniuma, nikijua kwamba nikishindwa Jumapili, sina kibaraza duniani. Niliogopa. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na ustadi wa kuchongoa mabega ya gomesi hauliwi wala hauezeki nyumba.

Jumapili ikafika. Mzee aliswali adhuhuri, akala, akatoka na ubao na meza ndogo, akaiweka kibarazani kati ya kiti changu na sanduku la sabuni alilolikalia. Nyuma yake, mlangoni, pazia lilikuwa limeshushwa, na chini ya pazia zilionekana ndala mbili zimesimama. Mama alikuwa amekuja kuusikiliza mchezo.

Hatukuwa peke yetu. Punde kabla ya hapo alikuwa amekuja dereva mmoja wa lori la pamba, suruali imepasuka pale pale. Nilikuwa nimemvua suruali hiyo, yeye akajifunga leso aliyoazimwa na mama, yenye maua mekundu, na kabla sijatia hata mshono mmoja mzee akatokea na ubao. Kwa hiyo dereva alibaki na leso, lori likamngoja, na tanboi wake, yule msaidizi wa lori, akawatangazia watu barabara nzima kwamba boss wake amekuwa bibi harusi. Watu wakaja kumwona bibi harusi, wakakuta mchezo, wakakaa. Mbele kabisa alikaa mama mmoja aliyeleta samaki wa kukausha kutoka Osieko, ziwani. Alitua karai lake karibu na mguu wangu, hata nikacheza sataranji ile yote nikinusa ziwa.

Wote walikuwa watu wa drafti. Hakuna hata mmoja aliyeijua sataranji, na hilo halikumzuia mtu kufundisha.

"Kula huyo!" walisema.

"Huyo analindwa," nilisema.

"Analindwa na nani? Kula!"

"Fundi, maliza huyu mzee haraka nipate nguo yangu," akasema dereva. "Jua inaenda na mimi niko hapa kama mwari."

Nilianza vibaya, kama kawaida. Nikapoteza askari wawili na farasi. Mzee akawa anahesabu ndevu zake kwa raha. Lakini mara pazia likakohoa. Mzee akageuza kichwa kidogo, akasogeza ngome yake bila kutazama vizuri, na farasi wangu aliyebaki alikuwa amesimama pale pale anapopaswa kusimama. Nikaila ile ngome. Watu wakapiga kelele ambayo nadhani ilimwamsha askari wa mpakani, kwa maana tulisikia mti ukiinuliwa na hapakuwa na gari.

Tangu hapo mkono wangu ukawa mwepesi. Pazia lilipokohoa, mzee alikosea. Alipokosea, nilikula. Nilikula ndovu wake, yule halisi, kisha nikala na kile kigurudumu cha uzi. Nikala ngome ya pili. Na aliponilia ndovu wangu, nilimla waziri wake. Nilianza kusikia utamu ambao sikuwahi kuusikia mbele ya mzee yule, utamu wa Burumba, wa kukusanya kete za mwenzako na kuzipanga pembeni azione. Nikazipanga. Nikazinyoosha mstari. Watu wakawa wanahesabu kwa sauti moja kila nilipoongeza.

Ni lazima niseme ukweli hapa, maana nimeuficha kwa muda mrefu. Mara mbili katika mchezo ule niliona njia ya kumpiga mfalme na kumaliza kazi. Niliiona wazi. Mara zote mbili nikasema moyoni, ngoja kwanza nimle yule askari wa pembeni. Sikutaka kumshinda tu. Nilitaka abaki bila kitu, kama alivyotaka kuniacha mimi bila kitu. Nilitaka mwaka mzima wa "hapa tunafikiri" ulipwe askari kwa askari.

Nikamla askari wake wa mwisho. Mzee akabaki na mfalme peke yake kwenye kona ya ubao, na mimi nina waziri, ngome mbili, farasi na askari watatu. Dereva alikuwa anaruka, leso ameishika kwa mikono miwili. Mama wa samaki alikuwa akisema, "Huyu mzee kwisha! Huyu mzee kwisha kabisa!" Ngome yangu moja ilikuwa na njia nyeupe mpaka ukuta wa mwisho. Kuitelezesha tu, na kibaraza ni changu. Lakini mimi nikataka kumbana kwanza, atoke jasho. Nikamsogeza waziri wangu chumba kimoja, taratibu, kama mtu anayefunga mlango kwa wageni wasiotakiwa. Nikakunja mikono kifuani.

"Cheza, mzee," nikasema.

Mzee akautazama ubao. Akanyoosha kidole juu ya mfalme wake, akakipeleka huku, akakirudisha, akakipeleka kule, akakirudisha. Akahesabu ndevu zake zote tangu mwanzo. Kisha akaweka mikono magotini, na nikaona uso wake umelegea kama wa mtu aliyeambiwa homa imeshuka.

"Ni suluhu," akasema.

"Suluhu gani?"

"Mfalme wangu hana pa kwenda."

"Ndiyo! Amekufa!"

"Hajafa. Ni nani anayempiga? Nionyeshe anayempiga pale alipo."

Nikatazama. Vyumba vyote vilivyomzunguka vilikuwa vimeshikwa na waziri wangu. Lakini kile chumba chenyewe alichokalia, hakuna mtu wangu hata mmoja aliyekifikia. Nilianza tena kuanzia askari. Hakuna.

"Katika sataranji," akasema mzee, "mfalme akikosa pa kwenda, na pale alipo hajaguswa, na hana mtu mwingine wa kusogeza, mchezo umekwisha. Hakuna aliyeshinda. Ndivyo nilivyofundishwa na babu yangu, naye alifundishwa hivyo hivyo."

Kibaraza kikalipuka.

"Mzee, wacha kutuchezea!" akasema dereva. "Hii fundi iko na watu saba, sijui nane. Wewe uko na moja. Moja! Sasa droo inatoka wapi? Droo ni mbili kwa mbili!"

"Huyo babu yako alikuwa anasema hivyo akishindwa," mtu akapaza sauti kutoka barabarani.

"Ngojeni, ngojeni," akasema mama wa samaki, akainuka na kuuinamia ubao, mkono kiunoni. "Hii mfalme yake, iko mtu anaichapa?"

"Hakuna, mama," akasema mzee.

"Inaweza kutembea?"

"Haiwezi."

"Basi imekaa tu."

"Imekaa tu."

Mama wa samaki akafikiri. "Kama imekaa tu, na hakuna mtu anaichapa, sasa nyinyi mnapigia kelele nini?" Akarudi kukaa.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilikuwa nimeiona ile ngome yangu na ile njia yake nyeupe, na nilitaka kulia, na kwa kuwa sikutaka kulia mbele ya watu wa pamba, nikapiga kelele. Nilisema drafti na sataranji ni ubao mmoja. Nilisema ukifungiwa umekufa, Burumba umekufa, Malaba umekufa, na huko pwani kwa babu yake pia umekufa. Nikaipiga meza hata mfalme wake akatikisika.

"Mtu asiye na pa kwenda ameshindwa!" nikasema. "Dunia nzima! Hata kuku anajua!"

Mzee hakuutazama ubao tena. Alinitazama mimi.

"Una hakika, fundi?"

"Nina hakika!"

"Nikikutoa hapa leo, utakwenda wapi?"

Nilikuwa na uwongo tayari mdomoni. Nilitaka kusema Malaba, kwamba kuna kibaraza kinanisubiri, kikubwa kuliko hiki, chenye simenti isiyopasuka. Lakini watu walikuwa wengi na wote walikuwa watu wa barabara ile, wanaijua Malaba jiwe kwa jiwe.

"Malaba nilikwenda," nikasema. "Moding ni shamba la kaka zangu. Sina pa kwenda, mzee."

"Basi kwa sheria yako umeshashindwa kabla hatujaanza," akasema kwa upole. "Kwa sheria ya babu yangu, pale ulipo hujaguswa. Chagua sheria, fundi. Ndiyo hiyo tutakayoifuata, wewe na mimi."

Sijawahi kumeza kitu kigumu kama hicho, na nimewahi kumeza pini. Watu wote walinitazama. Mshindi wao, mwenye waziri na ngome mbili, nikakaa kwenye kiti changu na kusema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama ninayo:

"Ni suluhu."

"Suluhu ni sawa," akasema dereva. "Na suruali yangu?"

Nilimshonea huku macho yananiwasha. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, na nilimchukia mzee kwa kunipa kile nilichokitaka huku nimeinamisha kichwa. Mishono ya suruali ile ilikwenda upande, na sikumdai chochote.

Pazia likafunguliwa. "Na ndugu yangu?" akauliza mama.

"Mama, hakuna aliyeshinda," akasema mzee. "Ahadi ilikuwa aondoke nikimshinda. Sikumshinda."

Pazia likafungwa, na tukasikia sufuria zikiongea huko ndani. Wiki ile mzee alikula chakula baridi, akakila kibarazani, karibu yangu, bila kulalamika. Mimi nami nilikuwa fundi mwenye kibaraza. Niliwapima wateja huku nimetanua viwiko. Nilimsimulia kila aliyekuja jinsi nilivyokaribia kumla mzee mzima mzima, na kila nilipoisimulia, waziri wangu aliongezeka mbio.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi, kabla jua halijawa kali, mtu mmoja alikuja barabarani akisukuma baiskeli kutoka upande wa Malaba. Nyuma ya baiskeli palifungwa cherehani iliyoviringishwa blanketi, na miguu yake ya chuma imeelekea juu. Alikuwa mwembamba, mkubwa kwangu kidogo, kola ya shati lake imepinduliwa vizuri sana. Jicho la fundi huona hayo kwanza. Nikajua ni nani. Nikatanua viwiko.

Aliegemeza baiskeli kwenye nguzo akanisalimu kama watu wa ng'ambo wanavyomsalimu mtu aliye kazini, pole na kazi, bwana. "Gyebale ko, ssebo."

Nikaitikia kwa mguno. Mzee alikuwa amefika mlangoni, mikono nyuma. Nyuma yake mama, naye kimya, jambo ambalo sikuwahi kulishuhudia.

"Shemeji, karibu," mzee akamwambia. "Lakini kuna neno. Nafasi ya kibaraza ina mwenyewe. Tulichezea mimi na fundi, na hakuna aliyeshinda. Kwa hiyo fundi amebaki."

Yule mtu hakuelewa habari za mchezo, na sioni mtu ambaye angezielewa. Alitazama kibaraza, akanitazama mimi, akaitazama cherehani yake.

"Duka nililokuwa nashonea Mbale limeuzwa," akasema. Aliniambia mimi, si mzee, kama fundi kwa fundi. "Mwenyewe mpya amekuja na fundi wake. Nilikaa pale miaka tisa, ssebo."

"Tororo hujauliza?" nikasema.

"Nimeuliza."

"Malaba?"

"Nimelala Malaba siku mbili. Kila kibaraza kina mtu. Kuna mzee mmoja pale nilidhani amekufa."

Laiti angenijibu kwa kiburi. Laiti angesema ana kaka tajiri huko Jinja. Nilingoja aseme. Alikuwa anafungua kamba ya baiskeli, halafu akaacha, kwa kuwa hakujua kama aifungue au aikaze. Mzee hakunitazama. Alikuwa anatazama barabara na kuhesabu ndevu, na alihesabu polepole sana, kama mtu ambaye zamu ya kucheza si yake.

Niliwalaani wote moyoni, mzee, babu yake, na msafara uliomleta. Kisha nikainuka, nikaondoa kiti, nikashika cherehani yangu upande mmoja.

"Shika huko, tuisogeze ili na yako ienee," nikamwambia. "Ni nzito."